Juu au nyuma? Historia fupi ya keria Ufipa

Nilikuwa kimya kwa wiki mbili kwa sababu nilikwenda nyumbani Sumbawanga kumwona babu. Nimerudi na maharage, homa ya mafua (baridi ya Ufipa haina utani), na baiskeli.

Marafiki zangu wa mjini wameshaanza maneno. Wanauliza kwa nini Mfipa ahangaike na baiskeli wakati ungo upo. Chekeni tu, nimezoea.

Baiskeli yenyewe si mpya. Ni Phoenix nyeusi ya babu, ile ya breki za vyuma na kengele kubwa, yenye uzito wa kilo 20 hivi. Nilipomwamkia na kukaa, hata chai haijafika, akanionyesha ilipo: "Miguu imekataa, mjukuu wangu. Ichukue kabla watu hawajaanza kuniuliza bei yake."

Nikashukuru. Kisha likaja swali la pili: itafikaje Mbeya? Tulikuwa tumekwenda na RAV4 ya zamani ya rafiki yangu, ile yenye tairi la akiba kwenye mlango wa nyuma. Ndani tulikuwa watu wanne na magunia. Rafiki yangu alikuwa na chuma cha kuning'inizia baiskeli nyuma ya gari, alichonunua Dar kikiwa kimetumika. Akasema, "Nyuma, hakuna mjadala." Babu akatikisa kichwa. "Juu," akasema. "Baiskeli hubebwa juu."

Ubishi ule ulikula asubuhi nzima. Ndio ulionifanya nianze kuuliza maswali, na majibu yake ndiyo haya ninayowaletea.

Anza na neno lenyewe. Kwenye baiskeli, keria iko nyuma. Kwenye gari, keria iko juu. Neno ni moja, mahali ni pawili. Kwa nini gari letu libebe juu wakati baiskeli inabeba nyuma?

Kwa maoni yangu jibu linaanza kabla ya gari. Ufipa ni uwanda wa juu, mahali pengi kama mita 1800 kutoka usawa wa bahari, na pande mbili umekatika ghafla: magharibi unashuka Ziwa Tanganyika, mashariki unashuka Bonde la Rukwa kwenye ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Kila kitu kilichotoka ziwani au bondeni kilipanda mlima juu ya mtu. Samaki, chumvi, nafaka. Hata chuma. Wazee wetu waliyeyusha chuma kwenye matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, mengine yakizidi mita 3, na majembe yaliyotokana na chuma hicho yalisafiri begani na kichwani. Pagazi wa misafara ya karne ya 19 alibeba kilo 30 hivi, siku baada ya siku. Katika vita ya 1914 hadi 1918, huku kwetu kusini-magharibi karibu na Bismarckburg ya Wajerumani (ndiyo Kasanga ya leo), wapagazi ndio waliokuwa malori ya majeshi. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi.

Kwa hiyo mzigo kukaa juu si jambo lililoletwa na gari. Gari lilipokuja lilichukua kazi ya kichwa.

Land Rover ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 1948, na kwa miaka mingi baadaye magari ya aina hiyo, pamoja na malori na mabasi yenye keria ndefu ya chuma, ndiyo yaliyomudu barabara za udongo kama zetu. Gari lilikuwa moja, watu wengi. Ndani walikaa watu. Juu walipanda kuku, magodoro, magunia, migebuka mikavu na baiskeli. Nyuma palikuwa na ngazi ya kupandia juu, basi.

Nilimuuliza babu kwa nini wasingefunga baiskeli pale pale kwenye ngazi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini chungu hakipikwi kikiwa kimepinduliwa. Kisha akanihesabia sababu kwa vidole.

Kwanza, makorongo. Masika, gari likiingia shimoni na kuanza kupanda, mkia wake hushuka hadi kukwangua udongo. Chochote kilichoning'inia nyuma hufika chini kabla ya gari kutoka. Pili, vumbi. Kiangazi gari huvuta vumbi lake lenyewe kutoka nyuma, pamoja na vikokoto. Baiskeli iliyofungwa huko hufika na mnyororo uliojaa mchanga. Tatu, wezi. Kwenye mlima gari linakwenda mwendo wa mtu, na kijana mwenye kisu anaweza kukata mpira wa kufungia na kuondoka na baiskeli bila dereva kujua.

Niliona hoja zote tatu zina mantiki. Ila babu hakuniambia mapema kwamba hata juu kuna gharama yake. Hilo lilitoka jioni, nilipokuwa naifuta ile Phoenix na kugusa bonde kwenye bomba la juu la fremu, karibu na kiti.

Aliinunua Mbeya mwaka 1986, baada ya kuuza mahindi ya misimu miwili. Kwa wale waliozaliwa juzi: mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa imetoka vitani na Idi Amin, maduka yalikuwa matupu, na sabuni ilipangiwa foleni. Baiskeli, iwe Swala ya kiwanda chetu cha Dar es Salaam au Phoenix ya Uchina, ilikuwa mali ya kuandikiwa urithi. Nayo ndiyo ilikuwa gari la wagonjwa, gari la mazao na gari la bibi harusi.

Basi alipanda basi moja la kurudi Sumbawanga, na utingo akaipandisha baiskeli juu. Hapo ndipo mwenye mali anapoachana na mali yake. Wewe uko ndani, baiskeli iko huko juu, na anayeamua nini kilale juu ya nini ni utingo. Njiani wakapakia magunia. Walipofika Laela babu alishuka kunyoosha miguu, akainua macho, akaiona Phoenix yake mpya imelazwa chini ya magunia ya mtu mwingine, rimu la mbele limepinda na bomba limebonyea.

Hakugombana. Alipanda ngazi, akayasogeza magunia, akakaa pale juu kando ya baiskeli yake hadi Sumbawanga, usiku, mwezi wa Julai. Anayeijua Julai ya Ufipa anajua hiyo ni adhabu gani.

"Nilifika siwezi kufunga ngumi," aliniambia. "Lakini ilifika."

Sasa turudi kwa rafiki yangu, maana naye hakuwa mjinga. Huko duniani mjadala huu upo na una majibu yake. Kampuni ya Thule ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 1942 na Erik Thulin, ilianza kwa kutengeneza mitego ya samaki, na baadaye ndipo ikajulikana kwa keria za magari. Kwenye mashindano ya Tour de France magari ya timu hubeba baiskeli za akiba juu, zimesimama wima, ili fundi aishushe moja kwa sekunde chache. Lakini mtu wa kawaida mwenye gari la familia mara nyingi hushauriwa nyuma. Kisa ni upepo. Baiskeli iliyoko juu inakata hewa njia nzima na gari linakunywa mafuta zaidi. Ikiwa nyuma inajificha kwenye kivuli cha gari. Tena huinyanyui hadi juu ya kichwa, na hutaisahau ukapita nayo chini ya tawi au lango fupi. Sharti ni taa na namba za gari zionekane.

Ushauri huo wote una sharti jingine ambalo halitamkwi: lami.

Nasi lami tumeipata juzi tu. Februari 2008 Tanzania na Marekani zilisaini mkataba wa MCC wa dola milioni 698, na moja ya kazi zake ilikuwa barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220. Mkataba ulifikia ukomo mwaka 2013. Safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima, na masika hata zaidi, ikawa ya saa chache. Na angalia kilichotokea kwa mabasi: mzigo ulishuka kutoka juu ukaingia kwenye buti chini ya sakafu. Ngazi ya nyuma ikapotea. Kijana anayezaliwa leo Sumbawanga anaweza kukua bila kumwona utingo akitembea juu ya basi.

Kwa hiyo babu na rafiki yangu walikuwa sahihi wote wawili, ila kila mmoja kwa barabara yake. Tunazoea kudhani kwamba wazee walipanga mizigo juu kwa ushamba, au kwa sababu hawakuwa na vifaa. Si kweli. Walisoma barabara waliyokuwa nayo wakachagua vizuri. Barabara ndiyo iliyobadilika.

Ila sisi tulikuwa na zote mbili: kilomita 30 hivi za vumbi kutoka kijijini, kisha lami hadi Mbeya. Tukajaribu kwanza chuma cha rafiki yangu. Phoenix ilikataa. Vile vyuma vya breki vilizuia, keria yake ya nyuma iligonga kioo, na uzito wake ulifanya mlango ulie. Kifaa kilitengenezewa baiskeli nyepesi za watu wengine.

Ikawa juu. Tulitandika blanketi, tukailaza ubavu, tukageuza usukani. Babu hakuruhusu kamba za dukani. Alileta mipira ya tyubu aliyoikata mwenyewe, akatuelekeza akiwa amekaa kwenye kigoda: vuta, zungusha, rudi, bana. Juu yake hatukuweka hata mfuko.

Kwenye lami hatukuzidi kilomita 80 kwa saa. Rafiki yangu alilalamikia mafuta, na nilimlipa tofauti. Laela nikaomba tusimame. Nilisema nataka kuangalia mipira. Ilikuwa imekaza vilevile.

Tulipofika Mbeya nilimpigia babu simu. Nikamwamkia, nikamwambia baiskeli imefika salama, haina hata mkwaruzo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Na wewe ulikaa wapi?"

Ndani, babu, nikamjibu.

Akacheka sana. Wewe msomaji, kama kwenu kuna baiskeli ya zamani ukutani, muulize mwenyewe ilifikaje pale. Muulize mapema.