Zamu ya bingwa: Machemba, Makunganya na Kinjikitile

Machemba, kiongozi wa Wayao aliyetawala sehemu ya Uwanda wa Makonde nyuma ya mji wa Lindi, aliwahangaisha Wajerumani kwa karibu miaka kumi, na hawakumtia mkononi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa siku chache tu baada ya kuanza vita vya Maji Maji alivyovihubiri. Leo mtoto yeyote wa shule Tanzania atalitaja jina la Kinjikitile. La Machemba watalitaja wachache, hata huko kusini kwenyewe. Sababu si ushujaa wala mbinu za vita, maana kwa mizani hiyo Machemba angetangulia. Sababu ni saa ambayo kila mmoja aliingia vitani na saa aliyotoka.

Vita vya pwani vilianza Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipokabidhiwa forodha na utawala wa Mrima kwa mkataba na Sultani Khalifa wa Zanzibar. Kilwa Kivinje maofisa wawili wa kampuni waliuawa Septemba mwaka huohuo. Wale wa Lindi na Mikindani walipanda vyombo wakakimbia. Kwa miezi mingi pwani yote ya kusini ilikuwa haina Mjerumani. Lakini vita hivyo viliandikwa kwa jina la Abushiri bin Salim wa Pangani, ambako vilianzia, na kamanda wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, alianza kupiga upande huo wa kaskazini. Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Wissmann alipoteremka kusini Mei 1890 na kuzitwaa Kilwa, Lindi na Mikindani, kisa kilikuwa kimekwisha simuliwa kaskazini, na watu wa Kilwa waliokuwa wamewaondoa Wajerumani wakabaki kama kiambatisho cha habari za Pangani.

Hapo ndipo Machemba alipoingia. Mwaka 1890 Wissmann alimtaka ashuke pwani kujisalimisha, naye akamjibu kwa barua ya Kiswahili. Alisema haoni sababu ya kumtii mtu asiyemjua. Kama ni urafiki na biashara yuko tayari, ila raia wa mtu mwingine hatakuwa, kwa kuwa yeye ni sultani katika nchi yake. Anayejiona ana nguvu za kumfuata, na amfuate. Walimfuata kweli, na vichaka vya uwanda ule vikawashinda. Mwaka 1891 ilibidi wapatane naye. Tangu hapo kukawa na amani ya kuviziana: misafara yake ya mpira iliendelea kushuka Lindi, na serikali ikaendelea kumtazama kwa jicho la pembeni. Kodi ya nyumba ilipoanza kudaiwa mwaka 1898, mgogoro ukafufuka, na mwaka 1899 kikosi kikubwa kikampandia. Machemba akavuka Ruvuma na watu wake, akaingia Msumbiji kwa Wareno.

Kwa mpiganaji, kutoka namna hiyo ni ushindi wa aina fulani, kwani alibaki hai na hakusujudu. Kwa jina lake ilikuwa hasara. Hakufa mbele ya adui, hakuacha kaburi la kuhijiwa upande wa Lindi, na miaka yake ya nguvu iliangukia kati ya vita viwili vikubwa. Wapenzi wa ngumi Afrika Mashariki wanaijua hali hii kwa Ayub Kalule wa Uganda. Alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA nchini Japani mwaka 1979 na kuutetea bila kushindwa, kisha Juni 1981 Sugar Ray Leonard, aliyekuwa kwenye kilele chake, akampiga raundi ya tisa huko Houston. Wengi nje ya Uganda humkumbuka kwa usiku ule tu. Tena Kalule alipata walau usiku wa kukumbukwa. Machemba hakuupata.

Mwenzake wa kizazi kilekile, Mkwawa wa Wahehe, aliupata mara mbili: Lugalo mwezi Agosti 1891, alipokisambaratisha kikosi cha Emil von Zelewski, na mwaka 1898 alipojiua asikamatwe. Fuvu lake likatajwa hadi katika Mkataba wa Versailles wa 1919.

Hassan bin Omari Makunganya yuko katikati ya Machemba na Mkwawa. Akitokea bara ya Kilwa, aliongoza mashambulizi dhidi ya Kilwa Kivinje mwaka 1894, na baadhi ya watu wa mjini walikuwa upande wake. Alikamatwa mwaka uliofuata, akanyongwa Kilwa Kivinje Novemba 1895 pamoja na wenzake kadhaa. Mti walionyongewa uliitwa Mwembe Kinyonga. Kisa chake kilitungiwa shairi enzi zilezile, likaingia katika mashairi ya pwani yaliyokusanywa na Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani. Kwa hiyo Kilwa ina mahali pa kuoneshea wageni na ina maneno ya kusoma. Ila Makunganya alisimama wakati ambapo hakuna aliyesimama pamoja naye kwa upana: Abushiri alikuwa amekufa miaka sita nyuma, na Maji Maji ilikuwa mbele kwa miaka kumi. Jina lake halikuvuka sana mipaka ya mkoa.

Miaka kumi hiyo ilibadili kila kitu. Kufikia 1905 kodi, maakida na pamba ya kulazimishwa vilikuwa vimewagusa watu wa makabila mengi kwa pamoja, jambo ambalo Machemba na Makunganya hawakulikuta. Kinjikitile alianza kutoa maji yake ya dawa Ngarambe mwaka 1904, wakati manung'uniko yameiva kutoka Rufiji hadi Liwale. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Matumbi, waling'oa miche ya pamba. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Hakuongoza pigano hata moja. Kazi hiyo ilibaki kwa wengine, akiwemo Abdallah Mapanda wa Liwale. Liwale ilianguka, misheni ya Nyangao ikachomwa, na moto ukafika Ungoni. Ulipozimwa mwaka 1907 hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa vifo 75,000, nayo makadirio ya baadaye yanapita 250,000, wengi wao kwa njaa.

Saa ya pili iliyompendelea Kinjikitile ni ile ya wasimuliaji. Julius Nyerere aliitaja Maji Maji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, kwa kuwa chama chake cha TANU kilihitaji vita vilivyounganisha makabila, na vita vya Machemba vilikuwa vya himaya moja. Kisha Gilbert Gwassa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda vijijini mwishoni mwa miaka ya 1960, aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1905 alikuwa mzee wa sabini na ushei, anaweza kukaa na kueleza. Aliyekuwa kijana wa vita mwaka 1890 angekaribia mia. Mashahidi wa Machemba walikuwa wamekwisha kabla kinasa sauti hakijafika. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini, akatoa tamthilia ya Kinjeketile, ikaingia madarasani.

Machemba alisalimika kwa karatasi. Barua yake iliangukia mikononi mwa waandishi wa historia ya bara zima, na juzuu ya saba ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, iliyotoka 1985, inaifanya mfano wa viongozi waliokataa kutawaliwa. Maji Maji nayo ina kumbukumbu zake kusini: Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliyatungia mapigano ya 1905 utenzi mzima. Nandete pana mnara wa kumbukumbu. Hata hivyo siku ya kuwakumbuka mashujaa wa Maji Maji huadhimishwa Songea, kila tarehe 27 Februari, siku Wangoni 67 waliponyongwa mwaka 1906, miezi saba baada ya Wamatumbi kuvianzisha vita.