Reli Tatu Chini ya Uluguru

Mwaka 1907 reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam miaka miwili nyuma ilifika Morogoro, kiasi cha kilomita 200 kutoka pwani. Kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann ndiyo iliyosimamia ujenzi. Waliojenga tuta na kubeba mataruma walikuwa Waafrika. Kabla ya hapo mizigo ya bara ilipita chini ya milima ya Uluguru mabegani mwa wapagazi. Upana kati ya chuma na chuma ulikuwa milimita 1,000. Nitaifuatilia hesabu hiyo, maana ndani yake mna habari kubwa ya vyombo vilivyotengenezwa na watu tofauti na namna vinavyoweza kufanya kazi pamoja, au kushindwa.

Waingereza walianza reli yao Mombasa mwaka 1896 kwa upana huohuo, kwa kuwa vifaa na mafundi wengi walitoka India, ambako reli za mita moja zilikuwa nyingi. Hawakukaa kikao na Wajerumani. Walikuwa washindani, na kisha wakawa maadui. Lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, jeshi la Waingereza lilitandika reli kutoka Voi na kuiunganisha na ile ya Tanga na Moshi pale Kahe, na treni zikapita, kwa sababu vipimo vililingana. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kiliiunganisha Reli ya Kati, yaani ile ya Morogoro, na ya Tanga. Tangu hapo behewa lililopakiwa Morogoro liliweza kufika Nairobi au Kampala bila gunia moja kushushwa njiani. Afrika Mashariki ilipata mtandao mmoja wa reli ambao waanzilishi wake hawakuukusudia.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kinyume chake, ilikusudiwa tangu siku ya kwanza. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na shaba ya Zambia ikakosa njia salama ya kwenda baharini. Marais Kaunda wa Zambia na Nyerere wa Tanzania walitafuta njia nyingine. Mkataba na China ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa. Upana wake ni milimita 1,067, kwa kuwa ndio upana wa reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Swali lililoulizwa lilikuwa wazi: shaba itoke wapi, iende wapi, ipite kwenye mabehewa ya nani? Kwa swali hilo, jibu lilikuwa sahihi.

Kulikuwa na swali la pili. Itakuwaje kwa mzigo wa kutoka Zambia kwenda Mwanza au Kigoma? TAZARA inapita kusini mwa Uluguru, kupitia Kisaki, Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Reli ya Kati inapita kaskazini mwa milima hiyo, na tawi lake la Kilosa linashuka kupitia Mikumi hadi Kidatu. Reli hizo mbili zinakaribiana ndani ya mkoa mmoja, zikitofautiana kwa milimita 67, na behewa la huku halitembei kule. Kituo cha kuhamishia mizigo kilijengwa Kidatu mwaka 1998, miaka 22 baada ya TAZARA kukabidhiwa.

Sasa kuna reli ya tatu. Aprili 2017 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la reli ya milimita 1,435, ile tunayoiita SGR, na Juni 2024 abiria walianza kusafiri kwa umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Mkataba wa kutandika reli walipewa Yapı Merkezi ya Uturuki na Mota-Engil ya Ureno. Vichwa vya treni, pamoja na zile treni ambazo watu wamezibatiza jina la mchongoko, vimetoka Hyundai Rotem ya Korea Kusini, na mabehewa ya mizigo yametoka China. Hapa upana peke yake hautoshi. Kompyuta iliyo ndani ya treni lazima isomane na mitambo iliyo ardhini, sekunde kwa sekunde.

Mfumo wa kuongoza treni unaotumika kwenye reli hii ulizaliwa Ulaya, na historia yake inastahili kusimuliwa taratibu. Ulaya ilikuwa na zaidi ya mifumo 20 ya kuongoza treni, kila nchi na wake. Treni za Thalys, zilizounganisha Paris, Brussels, Amsterdam na Cologne, zililazimika kubeba mifumo saba tofauti. Mwaka 1995 mashirika ya reli ya Ufaransa, Ujerumani na Italia yaliunda kundi la watumiaji wa mfumo mmoja wa pamoja. Kundi la watengenezaji lilikuja baadaye, mwaka 1998. Naona mpangilio huo ndio siri ya mafanikio yao: wenye treni walieleza kazi ilivyo, ndipo viwanda vikaandika namna vifaa vitakavyoifanya.

Ukitaka kuona maana ya hilo, tazama upande wa redio. Umoja wa kimataifa wa reli ulikusanya mahitaji kisa kwa kisa. Msimamizi anamtafuta dereva wa treni fulani, bila kujua zamu ni ya nani. Basi namba ya treni yenyewe ndiyo iwe namba ya kupiga. Dereva yuko porini na hajui eneo hilo lina msimamizi gani. Basi kitufe kimoja kimpeleke kwa anayehusika mahali alipo. Kuna hatari mbele. Basi kitufe kingine kizifikie treni zote za jirani kwa pamoja. Mwaka 1997 mashirika 32 ya reli yalikubaliana kuutumia mfumo huo wa redio, unaoitwa GSM-R.

Kati ya Dar es Salaam na Morogoro mfumo mzima hufanya kazi hivi. Kati ya reli kuna vibao viitwavyo baliza, visivyo na betri. Treni ikipita juu, hukipa kibao nguvu, nacho huijulisha ilipo. Treni hutuma habari hiyo kwa redio hadi kituo cha uongozi, na kituo huijibu inaruhusiwa kwenda hadi wapi. Kompyuta hukokotoa mwendo salama, na dereva akiuzidi, breki hushika zenyewe.

Kenya nayo ina reli ya milimita 1,435, iliyofika Nairobi mwaka 2017 na Naivasha 2019, kwa viwango vya China na vichwa vya dizeli. Uganda ilitia saini Oktoba 2024 na Yapı Merkezi kujenga reli ya umeme kutoka Malaba hadi Kampala. Reli ya Kenya ikifika Malaba, mpakani, safari hii vyuma vitalingana. Kitakachoamua kama treni ya Mombasa itavuka Malaba bila kubadilishwa kichwa ni nguvu inayoiendesha, redio na kompyuta zake. Ndiyo sababu nawaomba mawaziri wa uchukuzi wa nchi zetu wawaite madereva, stesheni masta na wenye mizigo sasa, kabla zabuni zilizobaki hazijafungwa, waandike safari moja moja: nani anavuka, na nini, kwa treni ya nani, na likitokea tatizo anampigia nani.