Usiku Lango la Namirembe Lilipofunguliwa

Mbwa alibweka kama mwenye wazimu, kisha ua ukasikika ukivunjwa. Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 5 Februari 1977, yapata saa saba na nusu, kwenye kilima cha Namirembe jijini Kampala. Askofu Mkuu Janani Luwum alishuka ngazi bila kuwasha taa, akasogeza pazia kidogo na kuchungulia. Mlangoni alisimama mtu aliyemtambua, mwenye majeraha. Akadhani amekuja kuomba msaada. Akafungua.

Yule mtu alikuwa chambo. Nyuma yake walichomoka watu wenye bunduki wakidai waonyeshwe silaha zilizofichwa. Kiongozi wao alivaa kaunda suti nyekundu na kusema Kiarabu. Akamkandamiza Askofu Mkuu mtutu tumboni huku mwenzake akimpapasa kuanzia kichwani hadi miguuni. Walipekua vyumba vya kulala, wakapekua ghala la nafaka, wakaingia kanisa dogo la nyumbani na kuinama kutazama hata chini ya altare. Walikuwamo humo mpaka karibu saa tisa. Silaha hawakuipata.

Walipotaka kuondoka, waliomba wafunguliwe lango. Mama Mary Luwum alikuwa na jibu ambalo mwenye nyumba yeyote angelitoa: warudi kwa njia waliyojia. Mumewe akakataa. Alisema wao ni Wakristo, mioyo yao ni safi, kwa hiyo lango watafunguliwa. Likafunguliwa, wakatoka.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara nasimama hapo langoni. Tunapomtaja Luwum tunarukia kifo chake, tarehe 16 ya mwezi huohuo. Mimi naona kwamba ukitaka kumjua, anza na mtu huyu mwenye alama ya mtutu tumboni, anayewafungulia lango watu waliovunja ua wake.

Alizaliwa mwaka 1922 Mucwini, Acholi, kaskazini mwa Uganda, si mbali na mpaka wa nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Utotoni alichunga mifugo, akasoma, akawa mwalimu. Tarehe 6 Januari 1948 aliokoka. Neno hilo wasomaji wengi wa Kiswahili hawahitaji kufafanuliwa. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 uliingia Uganda, Kenya na Tanganyika, na hadi leo ukimsikia mtu anakusalimu kwa "Bwana asifiwe" unasikia mwangwi wake. Watu wa uamsho walifundishana kutembea nuruni: kosa lako unalitubu mbele ya ndugu, na kosa la ndugu yako unamwambia usoni, humzungumzi mgongoni. Hilo la pili ndilo litakalomfikisha Luwum mahali ambapo wengi hawakuthubutu kufika.

Alipowekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1969 huko Gulu, miongoni mwa wageni walikuwamo Rais Milton Obote na mkuu wake wa majeshi, Idi Amin. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Januari 1971, Amin alimpindua Obote. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa mchana kweupe kutoka katika Mahakama Kuu, na hakuonekana tena. Ikiwa Jaji Mkuu anachukuliwa kazini kwake, mkulima wa kaskazini, wa Acholi au Lango, atakimbilia kwa nani? Bunge lilikuwa limevunjwa, magazeti yamefungwa mdomo. Lililobaki ni makanisa na misikiti.

Luwum akawa Askofu Mkuu mwaka 1974, katika kiti cha moto. Jamaa za watu waliopotea walimjia, naye akaenda kuwaulizia kwa watu wa usalama. Alikwenda mpaka kwa Amin mwenyewe, akamweleza ana kwa ana. Wapo waliomlaumu. Walimwona kwenye hafla za serikali wakasema Askofu Mkuu amekaribia mno meza ya mkubwa. Yeye alijibu kwamba hajui kiti hicho atakikalia kwa muda gani, ila dhamiri yake haimsuti kwa lolote kuhusu serikali hiyo, na kila alipopata nafasi alimweleza Rais yale ambayo makanisa hayakubali. Nadhani waliomlaumu hawakuelewa shule aliyotoka. Kwa mtu wa uamsho, kumkemea mkosaji kutoka mbali ni nusu ya kazi. Sharti umfuate alipo.

Agosti 1976 aliongoza mkutano wa viongozi wa dini, Waanglikana, Wakatoliki na Waislamu pamoja, kuhusu mauaji na uporaji uliokithiri nchini. Amin alikasirika, kwa kuwa hakuwa ameutolea ruhusa. Januari 30, 1977, Askofu Festo Kivengere alihubiri mbele ya umati mkubwa magharibi mwa nchi, na wakuu wa serikali wakiwapo, juu ya thamani ya uhai wa binadamu. Kivengere Watanzania wa rika fulani wanamkumbuka: alifundisha shule Dodoma kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Siku chache baada ya mahubiri hayo ndipo ua wa Namirembe ukavunjwa.

Maaskofu walikutana Februari 8 wakamwandikia Amin barua ambayo kwa Uganda ya wakati ule ilikuwa jambo zito. Walimwambia kwamba bunduki iliyokandamizwa tumboni mwa Askofu Mkuu imeelekezwa kwa kila Mkristo wa nchi hiyo. Waliitia saini kwa majina yao. Kila aliyeshika kalamu siku ile alijua anachokitia saini.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 16, viongozi wa dini, mawaziri na mabalozi waliitwa Nile Mansions, hoteli ambayo leo ni Serena, katikati ya Kampala. Uwanjani zilipangwa bunduki zilizodaiwa kukamatwa. Karatasi zilisomwa zikimhusisha Luwum na njama za Obote, aliyekuwa uhamishoni Tanzania. Jina lake liliposomwa, alitikisa kichwa kimyakimya. Kisha umati wa askari ukaulizwa ufanye nini na wasaliti, nao ukajibu kwa kelele kwamba wauawe.

Kelele zile zilipigwa kwa Kiswahili. Hilo linaniuma, na sidhani tunapaswa kulipita haraka. Kwa Waganda wengi wa miaka ile, lugha hii ninayoandikia ilikuwa lugha ya kambi za jeshi, lugha ya mtu anayegonga mlango usiku. Tunapowashangaa majirani zetu kwa kukipokea Kiswahili shingo upande, tukumbuke walikisikia kutoka vinywani mwa nani.

Pale Nile Mansions, Luwum alimnong'oneza Kivengere kwamba watamuua, na kwamba haogopi. Maaskofu wengine waliruhusiwa kwenda. Yeye akaambiwa Rais anataka kumwona. Alitabasamu, akasema anauona mkono wa Bwana katika jambo hilo, akageuka akaenda. Wenzake walimngoja nje muda mrefu, wakafukuzwa.

Kesho yake redio ilitangaza kwamba Askofu Mkuu amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili waliokamatwa naye, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Ilidaiwa walijaribu kumshambulia dereva ili watoroke. Mji mzima ulijua maana ya neno "ajali". Serikali ikapiga marufuku ibada ya kumwombea huko Namirembe, na mwili haukutolewa. Hata hivyo Jumapili ya tarehe 20 watu walipanda kilima kwa maelfu. Kaburi lilikwisha kuchimbwa karibu na la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Baada ya ibada walilizunguka kaburi lile tupu wakiimba. Mwaka ule Kanisa la Uganda lilikuwa likitimiza miaka 100, na walioimba pale walilelewa kwa habari za vijana waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Wakati huohuo Kivengere na mkewe Mera walikuwa wametoroka usiku, wakipanda milima kwa miguu hadi Rwanda. Huko uhamishoni aliandika kitabu kidogo kikatoka mwaka uleule, na kichwa chake kiliwakwaza wengi: kinatangaza kwamba anampenda Idi Amin. Akiwa amefiwa na rafiki na kuikimbia nyumba yake, alisema hana ruhusa ya kumchukia mtu ambaye Kristo alimfia. Nakiri nilipokutana nacho mara ya kwanza nilikiona kigumu mno kukimeza. Sasa nakiona kama lango lile la Namirembe, limefunguliwa mara ya pili.

Amin aling'olewa Kampala Aprili 1979. Leo Februari 16 ni sikukuu ya taifa Uganda, na sanamu ya Luwum imesimama juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey jijini London tangu mwaka 1998. Mahujaji lakini huelekea kwao Mucwini, wengine kwa miguu kwa siku kadhaa.

Huko ndiko askari waliupeleka mwili kimyakimya, wakitaka uzikwe upesi na jeneza lisifunguliwe. Ilikuwa kiangazi, ardhi imekauka. Pale panaitwa Wii Gweng, yaani juu ya mawe. Wachimbaji walichimba mpaka giza likaingia na kaburi halijafika kina, ikabidi jeneza lilale kanisani usiku kucha. Wanakijiji wakalifungua. Wakamkuta mtoto wao katika kanzu yake ya kiaskofu iliyolowa damu, na matundu ya risasi mwilini.