Kuchoma bendera ya taifa: ni kosa au ni maoni?

Bendera iliyo mbele ya ofisi ya kijiji, iwe Dumila au Mikumi, haidumu. Jua huipausha, upepo huikata pembeni, na masika humalizia kazi. Je, anayekitia moto kitambaa hicho kilichochakaa ametenda kosa?

Bendera yetu ilipatikana mwaka 1964, baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, kwa kuchanganya rangi za bendera zao mbili. Kijani ni ardhi na mimea, njano ni madini, nyeusi ni watu, bluu ni maji. Inalindwa na Sheria ya Bendera ya Taifa na Nembo ya Taifa ya mwaka 1971, Sura ya 10, inayokataza kuidharau. Anayeichoma hadharani ili kuidhalilisha, basi, anajiingiza matatani.

Neno zito hapo ni dharau, maana moto peke yake hausemi kitu. Marekani, mwongozo wao unashauri bendera iliyochakaa iteketezwe kwa heshima, ikiwezekana kwa moto. Nchi hiyohiyo, mwaka 1989, Mahakama Kuu ya juu kabisa iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba kuchoma bendera kwa kupinga serikali ni maoni yanayolindwa na katiba. Ujerumani ni kinyume: kuidhalilisha bendera ya taifa kunaweza kumfunga mtu hadi miaka mitatu. Denmark wana lao: ya kwao unaweza kuichoma, ya nchi nyingine ni kosa, kwa kuogopa ugomvi na majirani.

Kwetu kesi iliyozua mjadala mkubwa haikuwa ya bendera bali ya picha. Julai 2024, mahakama ya Rungwe, mkoani Mbeya, ilimhukumu mchoraji kijana miaka miwili jela au faini ya shilingi milioni 5, baada ya video iliyomwonyesha akichoma picha ya Rais na kumtolea maneno makali. Alitiwa hatiani chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Baadhi ya wanasheria walihoji: ni sheria gani inayokataza kuchoma picha? Wananchi walichanga, faini ikalipwa, akatoka. Mwezi uliofuata familia yake ilitoa taarifa kwamba ametoweka.

Hapo ndipo hoja inapouma. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, na ibara ya 30 inaruhusu sheria kuuwekea mipaka. Kwa maoni yetu, anayeshusha bendera ya shule na kuichoma ameharibu mali ya umma, na hilo ni kosa bila kubishana. Aliyenunua yake dukani kwa fedha yake ni jambo jingine. Anaudhi, ndiyo, na wazee wetu wana haki ya kumkemea. Jela kwa ajili ya kuudhi tunaiona kubwa mno. Lakini sheria iliyopo ndiyo inayofuatwa, si maoni yetu.

Kwa hiyo, kama bendera ya shule au ya kitongoji chenu imechanika, usiitupe jalalani wala kuichoma mbele ya watu wenye simu. Ikunje, impelekee mtendaji wa kijiji au kata, na umwombe nyingine.