Mabadiliko ya Baraza la Mawaziri la Kenya (2005)

Mabadiliko ya Baraza la Mawaziri la Kenya ya mwaka 2005 yalikuwa tukio la kisiasa ambapo Rais Mwai Kibaki aliwaachisha kazi mawaziri wote na mawaziri wasaidizi wa serikali yake tarehe 23 Novemba 2005. Hatua hiyo ilikuja siku mbili baada ya wananchi kuikataa rasimu ya Katiba mpya katika kura ya maoni. Makamu wa Rais Moody Awori na Mwanasheria Mkuu Amos Wako ndio pekee waliobaki katika nafasi zao. Baraza jipya lilitangazwa tarehe 7 Desemba 2005.

Tukio hili lilivunja kabisa muungano wa NARC uliokuwa umeingia madarakani mwaka 2002. Pia lilichora mipaka ya kambi mbili zilizopambana katika uchaguzi mkuu wa 2007.

Usuli

NARC ilishinda uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2002 na kuiondoa KANU iliyokuwa imetawala tangu uhuru wa mwaka 1963. Muungano huo ulikuwa na pande mbili kubwa. Upande wa kwanza ni NAK, uliokuwa na Mwai Kibaki, Michael Kijana Wamalwa na Charity Ngilu. Wa pili ni chama cha LDP, kilichokuwa na Raila Odinga, Kalonzo Musyoka na wengine waliotoka KANU baada ya Rais Daniel arap Moi kumteua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi wake.

Kabla ya uchaguzi pande hizo zilitia sahihi mkataba wa maelewano. LDP ilishikilia kwamba mkataba huo uliahidi kugawana nafasi za uwaziri nusu kwa nusu, na kwamba Odinga angepewa cheo cha waziri mkuu baada ya Katiba kubadilishwa. Baraza la kwanza lilipotangazwa mapema mwaka 2003, viongozi wa LDP walilalamika kwamba ahadi haikutimizwa.

Tarehe 30 Juni 2004 Kibaki alibadilisha baraza lake na kuwaingiza wabunge wa upinzani kutoka KANU na FORD-People, akiwemo Simeon Nyachae. Katika mabadiliko hayo Kalonzo Musyoka alitolewa katika Wizara ya Mambo ya Nje na kupelekwa Wizara ya Mazingira. LDP iliona kwamba rais alikuwa anatafuta wabunge wa kumwezesha kutawala bila kuitegemea.

Kura ya maoni

Mgogoro wa vyeo uliungana na mgogoro wa Katiba. Mkutano wa taifa wa Katiba uliofanyika katika ukumbi wa Bomas of Kenya, Nairobi, ulipitisha rasimu mnamo Machi 2004. Rasimu hiyo ilitaka kuwe na waziri mkuu mwenye mamlaka ya utendaji, na hivyo kupunguza madaraka ya rais. Mwaka 2005 Bunge liliifanyia mabadiliko makubwa. Nakala iliyochapishwa na Mwanasheria Mkuu, iliyojulikana kama Rasimu ya Wako, ilimwachia rais sehemu kubwa ya madaraka yake.

Tume ya Uchaguzi iliipa kila kambi alama: ndizi kwa kura ya "Ndiyo" na chungwa kwa kura ya "La". Kibaki aliongoza kampeni ya ndizi. Mawaziri wake kadhaa walipanda majukwaa ya chungwa, wakiwemo Odinga, Musyoka, Anyang' Nyong'o, Najib Balala na Ochillo Ayacko. Waliungana na viongozi wa KANU, Uhuru Kenyatta na William Ruto. Hivyo mawaziri wa serikali moja walishindana hadharani, jambo lililokwenda kinyume na desturi ya uwajibikaji wa pamoja, yaani kwamba waziri asiyekubali msimamo wa baraza hujiuzulu.

Tarehe 21 Novemba 2005 wapiga kura waliikataa rasimu kwa takriban asilimia 58 dhidi ya 42.

Kuvunjwa kwa baraza

Rais alitangaza uamuzi wake kupitia televisheni na kuahidi kuunda baraza jipya katika muda wa wiki mbili. Kisheria hakuhitaji idhini ya mtu yeyote. Chini ya Katiba iliyotumika wakati huo, rais aliteua mawaziri kutoka miongoni mwa wabunge, nao walishika nafasi zao kwa ridhaa yake. Bunge halikuwa na sauti katika uteuzi wala katika kufukuzwa kwao.

Baraza jipya

Mawaziri walioongoza kampeni ya chungwa hawakurudishwa. Raphael Tuju, aliyebaki upande wa rais, alipewa Mambo ya Nje. Martha Karua alichukua Wizara ya Sheria na Mambo ya Katiba, Kiraitu Murungi akahamia Nishati, na John Michuki akapewa Usalama wa Ndani.

Hata hivyo, baadhi ya walioteuliwa walikataa nafasi hizo mara tu majina yaliposomwa. Miongoni mwao walikuwa Charity Ngilu na Musikari Kombo, kiongozi wa FORD-Kenya, waliodai kwamba vyama vyao havikushauriwa. Wote wawili walikubali baada ya mazungumzo. Jambo hilo lilidhihirisha kwamba rais, ingawa alikuwa na mamlaka yote ya kuteua, alihitaji ridhaa ya washirika wake ili atawale.

Miezi michache baadaye baraza lilitikiswa tena. Mnamo Februari 2006 Waziri wa Fedha David Mwiraria alijiuzulu kutokana na kashfa ya Anglo Leasing. Kiraitu Murungi na George Saitoti nao waliondoka mwezi huohuo, lakini walirudishwa mnamo Novemba 2006.

Matokeo ya kisiasa

Waliofukuzwa waligeuza kampeni ya chungwa kuwa vuguvugu la kisiasa, Orange Democratic Movement (ODM). Mwaka 2007 vuguvugu hilo liligawanyika: Odinga aliongoza ODM na Musyoka akaongoza ODM-Kenya. Kibaki alianzisha PNU, na Uhuru Kenyatta akaamua kumuunga mkono.

Katika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, Kibaki alitangazwa mshindi dhidi ya Odinga kwa tofauti ya kura zipatazo 230,000. Matokeo yalipingwa, na ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu kutoka makwao. Wachunguzi walitaja sababu nyingi za ghasia hizo, zikiwemo migogoro ya ardhi na ukabila. Lakini kuvunjika kwa NARC ndiko kulikowaweka washindi wa 2002 katika kambi mbili zenye uhasama.

Kofi Annan alisimamia mapatano yaliyotiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Odinga akawa waziri mkuu mnamo Aprili, katika serikali ya mseto yenye mawaziri 40.

Katiba ya 2010

Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha muundo wa baraza. Mawaziri wasipungue 14 wala kuzidi 22, wasiwe wabunge, na majina yao lazima yaidhinishwe na Bunge la Taifa. Mamlaka ya kuwafukuza yalibaki kwa rais. Tarehe 11 Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, Rais William Ruto aliwaachisha kazi karibu mawaziri wote. Safari hii walioteuliwa, wakiwemo wanasiasa wa ODM, walihojiwa na wabunge kabla ya kuapishwa.