Mizabibu ya Kona ya Wafaransa

Wengi wetu hatunywi divai, na mazungumzo haya hayakusudii kuisifu. Lakini sisi Waprotestanti hatuwezi kulipita bonde la Franschhoek bila kusimama kidogo, kwa maana watu wa imani yetu walipanda mizabibu humo.

Bonde hilo liko Afrika Kusini, yapata kilomita 75 mashariki ya Cape Town. Milima imelizunguka pande tatu, na mto Berg huanzia huko. Mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi huwa kikavu, kwa hiyo zabibu huiva bila kuoza. Wakhoikhoi walichunga ng'ombe na kondoo katika nchi hiyo zamani. Waholanzi walipofika wakapaita Olifantshoek, yaani Kona ya Tembo.

Sasa twende Ufaransa. Mwaka wa 1598 Mfalme Henri wa Nne aliwapa Waprotestanti, walioitwa Wahuguenoti, ruhusa ya kuabudu. Mjukuu wake, Louis wa Kumi na Nne, akaifuta ruhusa hiyo Oktoba 1685. Makanisa yalibomolewa. Wachungaji walipewa siku 15 kuondoka nchini, lakini waumini wao walikatazwa kuondoka. Mwanamume aliyeshikwa akitoroka aliweza kufungwa minyororo apige makasia katika merikebu za mfalme. Hata hivyo watu kama 200,000 walitoroka.

Wachache wao, wasiozidi 200 hivi, walipelekwa Cape na Kampuni ya Kiholanzi kuanzia mwaka wa 1688, pamoja na mchungaji wao Pierre Simond. Gavana Simon van der Stel aliwachanganya na Waholanzi, na baada ya vizazi viwili hivi Kifaransa kikafa. Majina ya mashamba yalibaki: La Motte, Provence, Cabrière. Olifantshoek nayo ikawa Franschhoek, Kona ya Wafaransa. Divai haikuanza nao, maana ya kwanza ya Cape ilikamuliwa mwaka wa 1659. Wala si wengi wao waliokuja wakiijua kazi hiyo, ingawa hadithi hupenda kusema hivyo.

Mzabibu uliostawi kuliko yote ni ule mweupe uitwao Semillon. Mwaka wa 1886 aligunduliwa huko Cape mdudu filoksera, anayeharibu mizizi, na wakulima wakalazimika kubandika mizabibu yao juu ya mashina ya Kiamerika, kama sisi tunavyobandika miembe. Iko Semillon bondeni iliyopandwa mwaka wa 1905 ambayo bado huzaa.

Lakini ni mikono ya nani iliyolima? Watu waliokimbia minyororo walinunua watumwa. Watumwa hao waliletwa kutoka Madagaska, Bara Hindi, visiwa vya Indonesia na Msumbiji, yaani wengine walitoka pwani hii hii ya mashariki ya Afrika. Ndugu, jambo hili hutusumbua kuliko yote. Baba alisoma Biblia mezani, Biblia ile aliyoikimbilia baharini, na nje alisimama mtu asiyeweza kwenda atakako.

Utumwa ulikomeshwa kisheria Desemba 1834, ila watu walishikwa kazini miaka minne zaidi, hadi Desemba 1838. Hata walipokuwa huru, wenye mashamba walizoea kulipa sehemu ya ujira kwa vikombe vya divai. Mazoea hayo yalikuja kukatazwa na sheria, lakini madhara ya ulevi yangali yanaonekana kwa watoto wa jimbo hilo, wengine wakiwa wameumizwa tangu tumboni.

Franschhoek kuna sanamu ya ukumbusho wa Wahuguenoti, iliyozinduliwa mwaka wa 1948. Ni mwanamke aliyeshika Biblia mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika mnyororo uliokatika.

Ukishuka barabara ya kwenda Stellenbosch utafika Pniel, chini ya mlima Simonsberg. Misheni hii ilianzishwa mwaka wa 1843 kwa ajili ya watumwa waliowekwa huru, ikapewa jina la mahali Yakobo aliposhindana hadi alfajiri. Wakazi wake waliendelea kuchuma zabibu katika mashamba yale yale, na jioni wakarudi penye kanisa lao na shule ya watoto wao.