Hadithi kwa Vipande na Hadithi kwa Kitabu

Bila shaka wengi wenu mnalo nyumbani sanduku la bati lenye karatasi za zamani: barua, vyeti vya ubatizo, risiti za pamba, na magazeti yaliyokwisha kupoteza majalada. Sisi pia tunalo. Lilitoka Geita, likapita Kahama, na sasa lipo Shinyanga chini ya kitanda. Mchwa waliingia kwa tundu la kutu wakala nusu ya vilivyokuwamo. Katika vilivyosalia mna matoleo kumi na moja ya gazeti la Sani, nayo ndiyo yaliyotufanya tuandike habari hii. Mwanafunzi mmoja aliazima yote, akayasoma kwa siku mbili, kisha akaja mlangoni kutuuliza hadithi fulani iliishaje. Hatukuwa na jibu. Toleo lenye mwisho wake hatukupata kulinunua, ama tulilinunua likaliwa.

Hadithi hizo ni zile za picha, ambazo vijana huziita katuni. Mtu aweza kuzinunua kwa njia mbili: kipande kwa kipande kila gazeti litokapo, au kwa kungoja mpaka vipande vyote vikusanywe katika kitabu kimoja. Watu hubishana ipi ni bora. Twaona kwamba mabishano hayo yana historia ndefu, na ya kwetu haifanani na ya wengine.

Kuuza hadithi kwa vipande si jambo la jana. Huko Uingereza, mwaka 1836, kijana mmoja aitwaye Charles Dickens alianza kutoa hadithi yake ya Bwana Pickwick kila mwezi, kijitabu chembamba chenye picha, kwa bei ya shilingi moja. Kitabu kizima kilikuwa ghali sana kwa karani au fundi, lakini shilingi moja kwa mwezi aliweza kuitoa. Mwanzo wanunuzi walikuwa wachache. Hadithi ilipokwisha mwaka 1837, nakala zilizouzwa kila mwezi zilikuwa zimefika 40,000 hivi. Ndipo wengi wakavipeleka vijitabu vyao kwa mtia majalada, vikawa kitabu kimoja, na wengine wakanunua kitabu kilichokwisha kufungwa. Angalieni hapo: vipande ndivyo vilivyokilipia kitabu.

Wala sisi Wakristo wa nchi hizi si wageni wa jambo hilo. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, lakini kabla yake wazee wetu walisoma Injili moja moja na Zaburi katika vitabu vidogo, wakafurahi navyo.

Kwa habari ya hadithi za picha hasa, mfano ulio karibu na desturi yetu ya magazeti ya misheni ni ule wa Ubelgiji. Gazeti moja la Kikatoliki la Brussels lilikuwa na nyongeza ya watoto kila Alhamisi, na humo, tarehe 10 Januari 1929, mchoraji aitwaye Hergé alianza kumchora kijana Tintin na mbwa wake. Mwaka 1930 hadithi ya kwanza ilikusanywa ikawa kitabu, na tangu hapo ikawa desturi: kwanza gazetini, halafu kitabuni. Hadithi ya pili ilikuwa ya safari ya Kongo, jirani zetu, nayo ilikusanywa mwaka 1931. Waafrika wamechorwa humo kwa dharau, na Tintin aingia darasani kuwaambia watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946 mchoraji alipokichora upya kwa rangi, aliliondoa somo hilo akaweka hesabu ya kujumlisha. Twayajua haya yote kwa sababu vitabu vipo, cha kwanza na cha pili, na mtu aweza kuviweka mezani akavilinganisha. Kama lingebaki gazeti la Alhamisi peke yake, huenda aibu ile ingefungiwa samaki sokoni, isijulikane tena.

Sasa tuje kwetu. Serikali ilipoanza kutoa Mambo Leo mwaka 1923, watu wa bara walijifunza kungoja mwezi ujao. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 kwa kupitia Shinyanga, na magazeti yakaja pamoja na barua. Miaka ilipita, wakatokea watu wa picha. Huko Kenya Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miaka mingi katika Taifa Leo. Hapa Tanzania Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Katika miaka ya 1980 lilivuma Sani la Dar es Salaam, ambalo jina lake limeungwa kwa majina ya waanzilishi wawili, Saidi na Nico. Humo alichora Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 angali kijana. Komredi Kipepe, Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Madenge walijulikana hata kwa watu wasiopata kuiona bahari.

Miaka hiyo tulikuwa tukifundisha upande wa Geita. Mgodi wa zamani ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1966, na ule mkubwa wa sasa, ulioanza kazi mwaka 2000, ulikuwa bado. Lakini wachimbaji wadogo walijaa Nyarugusu na vijiji vya jirani. Gazeti lilikuja kwa treni mpaka Mwanza, likavuka maji kwa kivuko cha Busisi, kisha likapanda lori. Likichelewa treni, au kivuko kikiharibika, matoleo mawili yalifika pamoja, au moja halikufika kamwe. Siku hizi, tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kijana hawezi kusadiki ya kwamba watu walikesha pale ng'amboni na magunia yao.

Jirani yetu mmoja alikuwa mchimbaji. Tulimwambia afadhali aweke fedha anunue vitabu. Akacheka. Akasema, “Mwalimu, mimi napata leo, kesho sipati. Dhahabu ikisikika kwingine nahama usiku. Kitabu nitakibeba na nini, pamoja na sururu?” Alinunua toleo moja, akalisoma, likasomwa na wenzake kumi shimoni hata likachakaa. Kwake yeye gazeti lilikuwa kama chakula cha siku ile.

Mkulima wa pamba wa Shinyanga ni mtu mwingine kabisa. Fedha yake huja mara moja kwa mwaka, pamba inunuliwapo. Mwezi wa Januari hana hata ya chumvi. Basi hadithi ya Januari humpita, na ya Februari, na ya Machi. Mtu huyo, kwa mapato yake, alifaa kuuziwa kitabu kizima wakati wa msimu, akakiweka nyumbani asipohama, akawasomea watoto jioni. Walakini kitabu hicho hakikuja. Sisi, katika miaka yote tuliyozunguka maduka ya vitabu ya Mwanza na Shinyanga, hatukupata kuona hata kimoja kilichokusanya hadithi zile za picha tangu mwanzo hata mwisho. Hivyo mchimbaji aliyehama alihudumiwa vema, na mkulima aliyekaa akakosa. Uingereza na Ubelgiji kipande kilizaa kitabu. Kwetu kipande kilizaliwa, kikasomwa, kikafungiwa karanga.

Twakiri kwamba kitabu nacho chaweza kumpita mwenyewe. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo ya maji, alimaliza kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, na kitabu hakikuchapwa mpaka mwaka 1980, kwa Kiswahili, katika juzuu mbili. Mwaka uliofuata alifariki. Tumemwona mtu mwenye juzuu ya pili peke yake, akisoma habari za watoto bila kujua wazazi wao walivyoteseka kwa kuwatafuta. Hata hivyo juzuu ya kwanza ipo mahali fulani, nayo yaweza kuazimwa.

Yule mwanafunzi hakuridhika na maneno yetu. Ameyashona matoleo kumi na moja kwa uzi wa gunia, akatia kurasa tupu mahali pa yale yaliyopotea, na kila Jumapili baada ya ibada huwauliza wazee waliosoma zamani wamweleze wanayoyakumbuka, naye huandika kwa kalamu ya risasi. Mpaka sasa amepata miisho miwili ya hadithi ile, mmoja kwa fundi baiskeli, mmoja kwa mchimbaji mstaafu, nayo haipatani. Ameacha kurasa nne zaidi.